Kivuli katika Picha ya Swala

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu yetu mmoja wa Urambo alitundika kwenye ukuta wa kibla, katika chumba chake cha kuswalia, nakala ya picha ya rangi iitwayo "Swala Msikitini". Alasiri moja tuliswalisha humo, tukaingiwa na shaka ya idadi ya rakaa, ikabidi tulete sijda ya kusahau. Alipotuuliza hukumu ya picha ile, tuliona insafu ni kuitazama vizuri kabla ya kuihukumu.

Mchoraji wake ni Jean-Léon Gérôme (1824–1904), Mfaransa aliyezuru Misri mwaka 1868, na picha ni ya mwaka 1871. Asili yake imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Msikiti alioukusudia ni wa Amr bin al-As (R.A.), Cairo, ulioasisiwa takriban mwaka 21 Hijria.

Tuseme haki. Nguzo zinafuatana kwa haiba, na chini yake wanaswali pamoja mkubwa mwenye wahudumu wake na fakiri aliyejifunga kitambaa kiunoni. Usawa huo ni kweli ya Uislamu. Lakini kitambaa kile hakitoshi sitara ya swala kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ambayo ni baina ya kitovu na magoti. Mchoraji alivutiwa na la ajabu, kwa kuwa yeye alikuwa mtazamaji nje ya safu. Aliona miili na nguo; nia hakuwa na rangi ya kuichorea.

Kasoro ya pili imo katika mwanga. Sisi Urambo tunaswali tukielekea kaskazini, kwa kupinda kidogo mashariki. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa mbele yetu na kivuli huanguka nyuma. Disemba kivuli hututangulia. Kwa kivuli tunajua jua limepinduka. Kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, baada ya kuondoa kile cha wakati wa kupinduka, alasiri imeingia. Na katika Suratur-Ra'd, aya ya 15, tunafunzwa kwamba vivuli navyo humsujudia Allah asubuhi na jioni. Kivuli cha picha hakisogei wala hakitangazi wakati.

Mwaka huohuo wa 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji. Waislamu wa misafara waliokuwa wakipita njia hiyo waliswali juu ya mchanga bila nguzo wala taa, na swala yao haikupungukiwa kitu.

Ama hukumu, wanazuoni wametofautisha picha yenye kivuli, yaani sanamu, na isiyo na kivuli, kama hii ya ukutani. Imamu Nawawi (Allah amrehemu) aliitaja kauli ya waliokataza yenye kivuli peke yake, akaipinga, akazikataza zote mbili kwa viumbe wenye roho. Wapo wa zama zetu wanaolegeza. Lakini kwenye kibla mjadala huo hauhitajiki. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru Bibi Aisha (R.A.) aliondoe pazia lake, kwani picha zake zilikuwa zikimjia katika swala. Ikiwa yeye alichukua tahadhari hiyo, sisi ni nani?

Basi tulimwambia ndugu yetu: swala zilizopita ni sahihi, usizirudie, ila ishushe. Akaishusha bila kinyongo. Jioni ile tuliswali uani, vivuli vyetu vikiwa kuliani, virefu, vikirukuu na kusujudu pamoja nasi. Mwenye kutamani kuitazama swala katika mwanga, na aitazame hapo, kisha aingie katika safu.

Wallahu a'alam.