Senta Loki Ikigoma: Namna ya Kumpima Fundi Umeme

Senta loki ikigoma, wenye magari wengi humpima fundi kwa kitu kimoja: je, milango inafunga sasa? Kipimo hicho hakitoshi. Hitilafu za umeme wa mlango zina tabia ya kupotea zenyewe. Waya uliokatika ndani ya ganda lake hugusana tena mlango ukikaa pembe fulani, na soketi iliyoshika kutu hupata uhai kwa kuchomolewa na kuchomekwa tu. Fundi aliyekubadilishia mota huenda ametibu soketi bila kujua, na wiki ijayo utarudi kwake. Ubora wake uko katika namna anavyothibitisha kosa kabla hajakutuma dukani, na hata asiye fundi anaweza kuuona akisimama pembeni.

Fundi mzuri hujaribu milango yote kabla ya kushika bisibisi. Anabonyeza rimoti, kisha swichi ya mlango wa dereva, kisha anazungusha ufunguo kwenye kitasa, akisikiliza kila mlango peke yake. Mlango mmoja ukiwa kimya na mingine ikifanya kazi, rimoti na fyuzi kuu hazina kesi. Kosa liko kwenye nyaya au mota ya mlango ule. Swichi ikifunga yote na rimoti ikashindwa, mota ziko salama, na anayetaka kukuuzia mota anakutania. Katika magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani, mota ya mlango huendeshwa kwa nyaya mbili tu: umeme ukipita upande mmoja inafunga, ukigeuzwa inafungua. Basi milango ikifunga kwa nguvu na kugoma kufungua, nyaya zilezile zimekwisha kuthibitisha kwamba zinapitisha umeme. Wa kuhojiwa ni relei au kisanduku kinachogeuza mkondo, au swichi inayotoa amri. Anayekimbilia kubandua paneli za milango yote minne katika hali hiyo hajafikiri.

Kwenye kupima kuna mtego unaowanasa hata wenye vifaa vya bei. Mita ya kidijitali huvuta umeme kidogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaionyesha volti 12 na kitu, naye fundi atatangaza kwamba umeme unafika, kwa hiyo mota imekufa. Kumbe mota inahitaji ampea kadhaa, na uzi ule mmoja hauwezi kuzibeba. Anayeijua kazi hupima mzigo ukiwepo: anaacha soketi ikiwa imechomekwa, anasoma mita huku mwenzake akibonyeza swichi, au anaweka mahali pa mota globu ya indiketa ya wati 21, inayovuta karibu ampea 1.75. Globu ikimeta kwa nguvu, njia ni nzima. Ikififia, tatizo liko njiani, na mahali pa kwanza pa kutazama ni mpira ulio kati ya mlango na bodi. Humo nyaya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na wa dereva hufunguliwa kuliko yote. Shaba hukatika ndani huku plastiki ikiwa nzima, hivyo lazima avute kidogo waya mmoja mmoja, ahisi unaorefuka. (Globu hiyo ni ya nyaya za mota peke yake. Ukimwona anaigusisha kwenye nyaya za kompyuta au za mfuko wa hewa, msimamishe.)

Upande wa ulinzi, king'ora husema kile kilichoambiwa na swichi. Swichi ndogo ya mlango ikikwama, gari huamini mlango uko wazi: linafunga na kufungua papo hapo, au linapiga kelele saa nane usiku. Taa ya ndani isiyozimika humpa fundi makini pa kuanzia. Asichanganye pia rimoti na imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo wenye chipu sahihi. Betri ya rimoti ikiisha, milango haitasikia. Lakini kwenye gari la ufunguo wa kuzungusha, chipu ya ufunguo hupata nguvu kutoka kwenye koili inayozunguka swichi ya kuwashia. Anayebadilisha betri ya rimoti ili injini iwake anakisia.

Watetezi wa mafundi wazoefu watasema mtu wa miaka mingi hana haja ya mita. Akisikia aina ya gari anajua ugonjwa. Ni kweli kwamba uzoefu hufupisha njia. Lakini unamwonyesha pa kupima kwanza, haumwondolei wajibu wa kupima. Wengine wataleta hesabu: mota ya mtumba Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi ni rahisi kuliko muda wa fundi, kwa nini usijaribu tu? Kwa sababu mota iliyochomolewa hupimwa kwa kuigusisha betri moja kwa moja, kazi isiyomaliza dakika. Kununua nyingine kabla ya hapo ni kutupa pesa, hata ziwe chache. Na kuhusu mashine ya kusoma kompyuta ya gari: msimbo unaosema saketi ya mlango ina hitilafu umetaja mtaa, haujataja nyumba. Kazi ya kubisha hodi bado ni ya fundi.

Mwisho tazama kiungo chake. Waya uliosokotwa na kufungwa tepu ndani ya mpira wa mlango hautadumu, na hata uliochomewa risasi, ukiachwa penye mkunjo, huwa mgumu hapo na kukatika pembeni yake. Anayejali huweka kipande kipya cha waya kinachopita mpira wote, akaunga nje ya mkunjo. Fyuzi ya ampea kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko ni sababu tosha ya kutomrudia. Kabla ya kulipa, mwombe akuonyeshe kilichokuwa kibovu na akueleze alikijuaje. Akikosa jibu la swali la pili, tafuta fundi mwingine.