Chokaa Iliyolala Shimoni

Kabla ya kufanya lolote, fundi aliugonga ukuta. Aligonga kwa kipini cha mwiko, taratibu, kuanzia usawa wa kifundo cha mguu hadi pale mkono wake ulipofika, sikio lake karibu na jiwe. Pahali pengine sauti ilirudi nzito. Pengine ilirudi tupu, kama dafu lililokwisha maji, na hapo aliweka alama kwa mkaa. Alipomaliza, alama zote zilikuwa chini ya kiuno, palepale ambapo miaka kadhaa nyuma sisi wenye nyumba tulipiga lipu ya saruji ili kuzuia unyevu.

"Hamkuyazuia maji, mwanangu," alisema. "Mmeyafungia ndani."

Akatia patasi. Lipu ilibanduka kipande kizima, ngumu kama gamba la kobe, na nyuma yake mawe yalikuwa yameota unga mweupe. Aliuchovya kwa kidole, akaonja, kisha akaniashiria nami nionje. Ilikuwa chumvi.

Nyumba yenyewe ni ya ukoo, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwendo wa dakika chache kutoka baharini. Kwa majuma matatu nilikaa juu ya ngazi nikimtazama yule mzee akiirudisha katika hali yake. Nilikwenda nikidhani nitaona kazi ya kupiga lipu. Nilichokiona ni usanifu mzima wa mji wa pwani, kuanzia msingi hadi dari, ukielezwa na mtu mwenye mwiko mkononi.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Hauna kizuizi cha unyevu chini yake. Unasimama katika ardhi yenye maji na chumvi, na unayanywa maji hayo kama utambi unavyonywa mafuta. Mafundi wa kale walilijua hilo na hawakushindana nalo. Waliuvika ukuta lipu ya chokaa, yenye vinyweleo, ili maji yapande kidogo, yatoke nje, yachukuliwe na upepo. Chumvi inabaki kwenye lipu. Baada ya miaka lipu inachakaa, inamenyeka, nayo inabanduliwa na kupigwa mpya, na mawe nyuma yake yanabaki salama. Fundi aliiita lipu nguo ya ukuta. Nguo huchakaa, mtu akavaa nyingine. Saruji haina vinyweleo hivyo. Maji yakikosa kutokea chini hupanda juu zaidi kutafuta upenyo, na chumvi hukaukia ndani ya jiwe lenyewe na kulipasua.

Chokaa aliileta kwenye ndoo, nayo haikufanana kabisa na unga wa mifuko wa dukani. Ilikuwa nyeupe, nzito, laini kama siagi, na juu yake maji yamesimama vidole viwili. Ilikuwa imelala shimoni tangu kabla ya masika. Alichota kwa ncha ya mwiko, akaupindua mwiko kichwa chini, chokaa ikabaki imeng'ang'ania. Ingedondoka, alisema, angeirudisha shimoni.

Historia ya tonge lile la chokaa nairudia kila nipatapo wa kunisikiliza. Matumbawe ni jiwe lililojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Katika tanuu, magogo ya minazi hupangwa, mawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa hadi joto likakaribia nyuzi 900. Jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake na kuwa jepesi, lenye kiu. Likimwagiwa maji huchemka lenyewe na kupasuka. Kisha huachwa majini, miezi. Linapopakwa ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka upeponi, pole pole, na kugeuka kuwa jiwe lilelile lililokuwa mwanzo. Anayejenga kwa chokaa analirudisha tumbawe katika umbo alitakalo yeye.

Ndiyo maana haraka huiharibu chokaa. Ikikauka upesi hupasuka kabla haijawa jiwe. Fundi aliupiga ukuta maji jioni, akaupiga tena alfajiri, ndipo akaanza. Karai moja ya chokaa, tatu za mchanga uliooshwa. Hakuipaka lipu, aliirusha kwa mkono mkali wa ghafla ili ijichomeke kwenye nyufa, na penye shimo alisokomeza vijiwe vidogo kwanza, kimoja kimoja, akichagua kama mtu anayechagua mchele. Tabaka la kwanza likaachwa siku kadhaa chini ya magunia yaliyoloweshwa. La pili vivyo hivyo. Niru, yaani lipu laini ya mwisho, ilikuwa nyembamba kama ukoko wa maziwa, na aliisugua mpaka mwanga wa dirishani ukalala juu yake.

Wakati magunia yanafanya kazi yao, alinipandisha juu kunionyesha maradhi mengine. Dari zetu hubebwa na boriti za mikoko. Mkoko ni mti mgumu, lakini boriti yenye unene wa kutosha aghalabu haifiki mita tatu, na kwa hiyo vyumba vya kale, hapa na Lamu, ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliopima chumba. Zamani niliona vyumba vile kama ufinyu tu. Sasa naona kwamba kila ukuta una mwenzake karibu, umeshikwa na boriti nyingi, na hakuna ukuta unaosimama peke yake mbele ya upepo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, kusini yetu. Ukanda huu hauzoei vimbunga, lakini haujaepushwa navyo.

Juu ya boriti huja mawe, kisha zege ya chokaa, ambayo zamani kundi zima la watu liliiponda kwa vibao siku nyingi, kwa nyimbo, hadi ikashikamana na kuwa sakafu moja. Ina mwinamo mdogo kuelekea kwenye milizamu, ile mifereji inayochomoza ukutani na kuyatupa maji mbali na msingi. Mlizamu ukiziba kwa majani, kisa cha nyumba huanza hapo. Maji hukaa, hupenya, hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye kichwa cha boriti kilichochomekwa jiweni, pahali ambapo jicho halifiki. Kichwa huoza. Boriti hushuka kidogo, dari hufuata, ukuta uliokuwa umeshikwa huachwa huru, nao huanza kutoa tumbo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeanguka kwa njia hiyo. Fundi aliingiza mkono kwenye mlizamu wetu akatoa konzi ya majani yaliyooza. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Chini, mlangoni, kuna baraza. Wengi tunaijua kwa kahawa, bao na mazungumzo. Lakini subiri masika yenye mvua ya kweli, vichochoro vikageuka mito, utaona watu wakipita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba, viatu vikavu. Lile benchi la mawe ni njia ya miguu wakati wa mafuriko, ni ngao ya chini ya ukuta, na ni pahali pa kukaa, vyote kwa mawe yaleyale. Sijaona mchoro wa kisasa wa mji wa pwani uliobana mambo matatu kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ukarabati wa Zahanati ya Zamani katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kazi hii bado inawezekana kwa mikono ya hapahapa. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Nilikwenda kuangalia. Mawe ya matumbawe yalikuwa yamemwagika barabarani, meupe, mapya, kama yaliyotolewa baharini jana.

Sitaki kuibebesha chokaa mzigo isioweza. Bahari inapanda, na bamvua ya siku ya upepo hurusha maji juu ya ukuta wa bahari wa Mizingani. Hapo patahitajika wahandisi, fedha na mikoko. Naam, mikoko ileile inayotupa boriti ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi ikiwa imesimama. Hilo fundi alikwisha kulitafakari kuliko mimi. Boriti yetu iliyooza kichwa hakuitupa. Alikata ule uozo, akaunga kipande, akatengeneza kikalio kipya cha jiwe chini yake, akaacha nafasi ya hewa pembeni. "Mti mzima ubaki pwani," alisema.

Kinachonishika zaidi ni kwamba waliojenga hivi walikubali tangu mwanzo kuwa jengo litaumwa, wakaliacha wazi kwa tabibu. Kila kiungo kinafikika. Kila kinachochakaa kinabadilishwa bila kuvunja kilicho kizima, kwa mawe na chokaa vinavyopatikana hapahapa, na fundi anayekaa mtaa wa pili. Minara ya vioo na saruji inayopandishwa sasa kwenye fukwe zetu, nondo zake zikianza kutafunwa na chumvi, zitafikiwa na nani?

Siku ya mwisho alikusanya vyombo vyake kabla ya adhana ya alasiri. Aliosha mwiko, akaufuta, akauviringisha kwenye kitambaa. Akaniachia ndoo na kopo, na maagizo: asubuhi na jioni, siku saba, maji kidogo kama ya kunyunyizia nguo ya kupiga pasi, na magunia yasikauke.

Jioni ile nilinyunyiza mara ya kwanza. Ukuta ulikuwa baridi, na ulitoa harufu ya kisima. Maji yalikaa juu ya niru kitambo kidogo, yakimetameta, kisha yakaanza kuingia.