Allo, Nguo Itokayo Kwenye Mmea Unaowasha

Allo, kwa jina la kitaalamu Girardinia diversifolia, humea yenyewe katika misitu yenye unyevu ya milima ya Nepal, kati ya mita 1,200 na 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hufikia urefu wa mita tatu, na shina lake limejaa vinywele vichomavyo kama moto. Ni ya ukoo mmoja na thabai, mmea mwingine uwashao wa Kenya. Nayo allo yenyewe huota pia Afrika Mashariki, ila sifa yake ya nguo imejengwa Himalaya, mikononi mwa wanawake wa jamii za Kirai, Kigurung na Kimagar.

Mvua kubwa zikiisha, wavunaji hujifunga vitambaa mikononi na kuingia msituni. Shina hukatwa karibu na ardhi ili mizizi ichipue tena, kisha ganda hubanduliwa na kubebwa nyumbani.

Kazi ngumu huanzia mekoni. Ganda huchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na majivu ya kuni, ambayo ukali wake, mithili ya magadi, huyeyusha utomvu ulioshikanisha nyuzi. Majivu yakipungua, ganda hubaki gumu. Yakizidi, nyuzi hudhoofika. Ustadi wa allo uko hapa zaidi kuliko kwenye kufuma, maana hakuna mfumi, hata awe hodari vipi, awezaye kuziokoa nyuzi zilizoharibikia chunguni. Baadaye nyuzi huoshwa mtoni huku zikipigwapigwa kwa mti, hupakwa udongo mweupe zisigandane, na huanikwa.

Nyuzi hizo, ndefu kuliko za pamba kwa mbali, husokotwa kwa kijiti cha mkononi, mara nyingi msokotaji akiwa njiani au akichunga mifugo. (Wanaosema kazi ya mikono hula muda hawajaona muda huo ukitumika mara mbili.) Mfumi wa Kirai hukaza mtande kwa mshipi uliozungushwa kiunoni, kisha huupitisha mshindio.

Kutokana na nyuzi hizo hupatikana mafuko ya nafaka, kamba, nyavu za samaki na mikanda ya kichwani ya kubebea mizigo. Majani machanga nayo hupikwa mboga, kwani moto huyaondolea mwasho. Katika miaka ya 1980, wafumaji wa Sankhuwasabha, mashariki mwa Nepal, walianza kuchanganya allo na sufu ya kondoo. Sufu huilainisha allo, nayo allo huipa sufu uimara, hivyo kitambaa chake hushonwa makoti.