Namba 18 na tungi la Cleveland
Ndugu wapadri, nimesoma tena Dignitas Personae, mafundisho ya Roma ya mwaka 2008. Namba 18 yakataza kugandisha embrio, maana nyingi hufa katika kugandishwa na kuyeyushwa. Vema. Lakini zile zilizokwisha kuwekwa katika azoti, degre 196 chini ya sifuri, nani azilinde? Hapo haisemi. Tusidhani ni mambo ya Wazungu tu: wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, chanjo ya Beni na Butembo ilitaka degre 60 chini ya sifuri, tukaona kazi ya kulinda baridi. Machi 2018, kule Cleveland, Marekani, tungi likapata joto, kengele yake imezimwa. Mayai na embrio zaidi ya 4,000 zikapotea. Mzazi mmoja wao akija kuungama, tumwambie nini?