Mshirika na Mshiriki: Uhakiki wa Sehemu Moja ya Star Trek: Deep Space Nine

Katika Kiswahili, irabu moja tu ndiyo inayotenganisha mshirika na mshiriki. Wa kwanza ni mwenzi katika mapatano. Wa pili ni yeyote anayetia mkono wake katika tendo, hata tendo hilo likiwa jinai. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya asili ya tamthilia inayohakikiwa hapa, hutumia maneno mawili yasiyo na udugu wowote. Hata hivyo, sehemu iitwayo "In the Pale Moonlight", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwezi wa Aprili 1998, yasimulia habari za mtu anayetafuta mshirika na kujikuta amekuwa mshiriki.

Vita vinavyosimuliwa ni kati ya Shirikisho la Sayari, likisaidiwa na Waklingoni, na dola ya Dominion ambayo Wakardasia wamejiunga nayo. Waromula wamekaa kando. Wametia sahihi mkataba wa kutoshambuliana na Dominion, na vyombo vya Dominion hupita katika anga yao bila kuzuiwa, vikienda kuwaua watu wa Shirikisho. Kapteni Benjamin Sisko, anayeigizwa na Avery Brooks, hubandika orodha ya waliopotea vitani kila Ijumaa. Baada ya Ijumaa nyingi za namna hiyo aazimia kuwaingiza Waromula vitani.

Yafaa kusimama kidogo hapa, kwa kuwa mtunzi mwenyewe hakusimama. Katika "Call to Arms", sehemu ya mwaka 1997, ni Sisko huyuhuyu aliyewashauri watu wa Bajor watie sahihi mkataba kama huo na Dominion ili wasiangamizwe. Kwa Bajor kukaa kando kulikuwa busara. Kwa Waromula kumekuwa kosa. Jadzia Dax, katika mazungumzo yaliyoandikwa kwa ustadi, ajifanya Mromula na kumwuliza Sisko kwa nini taifa lake limwage damu kwa ajili ya wengine. Sisko hana jibu ila kwamba Shirikisho likishaanguka, zamu yao itafuata. Huenda ni kweli, lakini ushahidi hana.

Ushahidi huo autafuta kwa Garak, ambaye Andrew Robinson amuigiza kwa upole unaotisha. Garak ni Mkardasia aliyefukuzwa kwao, jasusi wa zamani ambaye sasa hushona nguo. Kumwita msaliti ni rahisi mno. Awasaidia maadui wa serikali ya Kardasia kwa sababu serikali hiyo imeiuza nchi yake kwa wageni, na kwa hiyo utiifu wake haukuhama hata kidogo. Aliyehama ni Sisko, mwenye sare na kiapo.

Watu ambao Garak awasiliana nao huko Kardasia wauawa wote. Basi, ushahidi usipopatikana, utaghushiwa. Mghushi aitwaye Tolar atolewa katika gereza la Waklingoni. Alewa na kumchoma kisu Quark, mwenye baa. Quark apewa hongo anyamaze. Lita 85 za kemikali ya hatari zatolewa kuwa malipo ya kifaa halisi cha kuhifadhia kumbukumbu. Nguvu ya masimulizi imo katika udogo wa hatua hizi: hakuna hata moja ambayo peke yake ingemrudisha mtu nyuma. Seneta Vreenak wa Waromula agundua kwamba ushahidi ni wa uongo, aondoka kwa hasira, na chombo chake chalipuka njiani. Garak alikuwa amekitega. Waromula watayaona mabaki, na dosari zote watazidhania kuwa kazi ya mlipuko. Waingia vitani.

Sisko ayasimulia haya yote katika kumbukumbu yake binafsi, akiitazama kamera, kinywaji mkononi. Mwishoni azitaja dhambi zake moja baada ya nyingine, na sarufi yake yastahili kuangaliwa. Kudanganya, kuhadaa na kutoa hongo azitaja kwa vitenzi, naye mwenyewe ndiye mtenda. Afikapo kwenye mauaji, kitenzi chatoweka. Mahali pake pachukuliwa na nomino, na Sisko ajiita mshiriki tu. Hasemi kwamba aliua, wala hawezi kusema kwamba hakuua. Sentensi hiyo moja ina ukweli kuliko ngumi anazompiga Garak, ambazo ni hasira ya mtu aliyejua tangu mwanzo alikuwa akimwajiri nani.

Kisha aiamuru kompyuta iifute kumbukumbu yote. Kwa tendo hilo mtazamaji abaki shahidi pekee wa nje, naye ameshatamani, kwa muda wa dakika arobaini na zaidi, kwamba hila ifaulu.

Kasoro kubwa iko kwa Vreenak. Mtunzi amempa kiburi na dharau, hakumpa jambo jingine, ili kifo chake kisiume sana. Na Waromula watakaokufa vitani hawapewi hata sauti moja. Katika sehemu zilizofuata, hadi mfululizo ulipokwisha mwaka 1999, wapigana bega kwa bega na Shirikisho, na hakuna anayewaambia kwa nini wako pale.