Fundi wa Mota

Pampu ya kisima inapovuma bila kuzunguka, aitwaye ni fundi wa mota, naye kabla ya yote hukata umeme, kisha huimaliza kwa globu chaji iliyosalia ndani ya kapasita, kwani chombo hicho kidogo chaweza kumdhuru mtu hata swichi ikiwa imezimwa.

Umeme wa fezi moja peke yake hauianzishi mota, maana sumaku yake hupanda na kushuka pahala pamoja; ni kapasita iutangulizayo mkondo wa koili ya pili, hata sumaku ikapata kuzunguka. Feni ya dari huridhika na maikrofaradi 2.5 hivi, pampu hutaka 20 au zaidi. Naye fundi, magoti topeni, husoma kwa tochi tarakimu zilizofifia za kapasita, wala hakubali kutia iliyo pungufu, koili isije ikaungua.

Magharibi maji yamerejea, twatawadha birikani, naye keshakwenda zake.