Mkono wa John Silver

Mwili wa John Silver, katika filamu ya katuni Treasure Planet ya mwaka 2002, uligawanywa kati ya mafundi wawili. Sehemu kubwa ya uso, kitambi na mkono wa nyama vilichorwa kwa penseli na Glen Keane, yule aliyemchora Tarzan. Mkono wa chuma Eric Daniels aliuendesha kwenye kompyuta.

Waliosoma Kisiwa chenye Hazina, riwaya iliyozaa filamu hii, wanamjua Silver kwa mguu mmoja na gongo lake. Mwandishi wake, Stevenson, alimchota kwa rafiki yake, mshairi William Ernest Henley, aliyekatwa mguu kwa kifua kikuu cha mifupa. Filamu ikahamishia kisa angani, merikebu zikasafiri kati ya nyota, na gongo likapisha mashine.

Kwanza mafundi walijaribu. Walichukua kipande cha Peter Pan ya mwaka 1953, wakamwondolea Kapteni Hook mkono wake wa kuchorwa na kumbandika wa kompyuta. Ukakaa.

Kukaa kwa muda mfupi ni jambo moja, kukaa filamu nzima ni jingine. Sekunde moja ina fremu 24. Mchoro wa penseli mara nyingi hushikiliwa fremu mbili kabla ya kupisha unaofuata, lakini kompyuta inaweza kusogeza chuma katika kila fremu. Kila upande ukishika mwendo wake, mkono unachezacheza begani kama mlango uliolegea bawaba. Tena penseli ya Keane ni nzito na haitulii: bega linavimba mtu akicheka, linanywea akinyamaza. Chuma hakivimbi. Gia ina kipimo chake kilekile, akicheka asicheke. Kwa hiyo pale begani, nyama inapokoma, pakahitaji kupatanishwa mchoro kwa mchoro.

Tazama jikoni, Silver anapowapokea kijana Jim na Daktari Doppler. Vidole vinajikunja, kisu kinachomoza. Kisu kinarudi, moto unatoka. Usivutwe na visu, vimewekwa hapo vikuvute. Angalia bega. Mpishi huyu haangalii mkono wake, kama vile mimi na wewe tusivyoangalia yetu tukimenya kitunguu. Ulemavu wake umekuwa mazoea ya kazi, na hayo yameonyeshwa kwa mwendo tu, bila hotuba.

Watu wakizungumzia uwakilishi katika filamu hii huanza na Kapteni Amelia, kwa sauti ya Emma Thompson, aliyeshika nafasi ya Kapteni Smollett, mwanamume kitabuni. Ni haki yao, maana anaamuru merikebu bila kuomba radhi. Lakini kwangu kazi ngumu zaidi ipo kwa Silver. Hadithi za maharamia zina tabia ya zamani ya kumpa mwovu kiungo kilichokatika ili tumwogope, na filamu haikuiacha kabisa: Jim ameonywa mapema ajihadhari na mtu wa mashine, na onyo lina ukweli. Mafundi ndio waliotoboa njia ya kutokea, kwa kuupa mkono uleule unaotisha upole wa kupika.

Jim anapouliza yaliyompata, Silver anajibu kwamba mtu hupoteza vitu kadhaa akiifukuza ndoto. Kijana anataka kujua kama ilistahili. Silver anasema anatumaini hivyo, wala hamuombi amhurumie.